Kungoja Nako ni Kazi

Msomaji mwenzangu, naanza kwa kukiri jambo ambalo wengi hulificha mbele ya watu wa fasihi: mimi ni mpenzi wa hadithi za mapenzi. Sikusudii maandishi mazito ambayo ndani yake mapenzi hupita kama mgeni. Nakusudia hadithi za mapenzi zenyewe, za vitabu vilivyochakaa majalada na za magazeti ya kila juma, ambazo ndani yake mtu hupenda, huzuiwa, hulia, hungoja, na pengine hupata. Nimezisoma kwa zaidi ya miaka 35 hapa Mbalizi, nikiwa na cherehani mbele yangu na kitabu chini ya kitambaa. Nimechekwa na wateja, nimeonywa na wazee wa kanisa, na mwalimu mmoja niliyemheshimu aliniambia kwamba hadithi hizo ni peremende: huliwa na watoto, na huozesha meno. Meno yangu yangalipo. Leo nataka nieleze peremende hizo zilinifanyia nini, na zilimfanyia nini mtu ambaye nilimpenda sana.

Kwa ndugu zangu wa visiwani na wa mwambao ambao hawajafika huku, nieleze kidogo. Mbalizi ni mji mdogo wa barabarani, upande wa magharibi wa jiji la Mbeya, mwendo mfupi wa daladala. Kaskazini yake umesimama Mlima Mbeya, wenye kimo kinachozidi mita 2,800, ambao asubuhi nyingi huvaa wingu kama ushungi. Upande wa kusini iko milima ya Umalila, na huko hushuka viazi, pareto na watu wenye makoti. Katikati hupita barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma na Zambia, na malori yake hayajui usiku wala Jumapili. Hupita pia reli ya TAZARA, ambayo nitairudia baadaye. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi yetu humfanya fundi ashindwe kutunga uzi kwenye sindano mpaka kwanza aote moto wa mkaa.

Bahari sikuiona kwa macho mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye watoto. Hata hivyo niliijua. Nilijua kusi na kaskazi, nilijua baraza za mawe na milango ya nakshi, nilijua asumini inavyofungwa vikuba, ilhali ua lenyewe sikupata kulinusa. Vyote hivyo nilivipata vitabuni. Nyumbani kwetu tulisema Kisafwa, na mapenzi hatukuyasema kwa lugha yoyote. Baba alimpenda mama kwa kumpasulia kuni. Mama alimpenda baba kwa kumwekea chakula cha moto hata akichelewa. Yalikuwa mapenzi ya kweli wala siyadharau, ila hayakuwa na maneno. Maneno yalikuja kutoka kwenu, juu ya karatasi, kwa basi.

Juma la mpenzi wa hadithi lina ratiba yake kama juma la mcha Mungu. Jumatatu sikusoma, ilikuwa siku ya kukata vitambaa, na mkasi hautaki moyo uliogawanyika. Jumanne na Jumatano nilidarizi. Bibi harusi wa huku hupenda kuingia nyumba yake mpya na vitambaa vya makochi na foronya zilizodariziwa maua na maneno, na wasichana walikuja kwangu kwa sababu walisikia kwamba mimi sikosi la kuandika. Wengine walitaka maneno ya kulala salama, ambayo kila fundi anayo. Mimi nilimwuliza kila mmoja mchumba wake ni mtu wa namna gani, kisha nikampa maneno yake peke yake. Aliyechumbiwa na dereva wa masafa nilimwandikia: "Taa yangu haizimwi." Aliyekwisha kuachwa mara moja, na sasa anaolewa na mgane mpole, nilimwandikia: "Ulipochelewa sikulala." Foronya ina nafasi ya maneno matatu au manne tu, ukizidisha, ua halipati pa kukaa. Mtunzi wa mashairi aliyezoea mizani nane kwa nane ataielewa shida yangu.

Alhamisi, kila baada ya majuma mawili, nilipanda daladala kwenda maktaba ya mkoa mjini Mbeya kurudisha kitabu na kuchukua kingine. Nilikutana na Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka mwaka 1972, ambayo huonesha jinsi kiu ya mapenzi na kiu ya mali zinavyoweza kugombea kisima kimoja. Nilikutana na Maimuna wa Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, binti aliyefungiwa ndani ya nyumba ya baba yake. Nilisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo wakati fulani ilipigwa marufuku shuleni, nami niliisoma nimeifunika kwa jalada la kitabu cha ushonaji. Baadaye ikaja Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, mwaka 1999, na kwa majuma kadhaa nilishona magauni ya watu huku moyo wangu uko Unguja ya zama za Mwingereza, nikimtafutia Yasmin njia ya kutoka nyumbani kwa Bwana Raza. Filamu ya kitabu hicho, iliyoongozwa na Amil Shivji, ilitoka mwaka 2021. Niliitazama kwa wivu wa msomaji: nyuso zile hazikuwa zile nilizokuwa nimezishona mimi kichwani mwangu.

Itazame orodha hiyo, msomaji. Wasemao kwamba sisi husoma ili tuone harusi ukurasa wa mwisho hawajui tunavyosoma. Rosa haolewi, hufa. Yasmin na Denge hawazeeki pamoja. Nasi twavifunga vitabu hivyo tukiwa tumelia, kisha twavifungua tena mwaka unaofuata. Basi tunatafuta nini humo? Swali hilo sikuwa na jibu lake mpaka nilipopewa na dada yangu, ambaye hakujua kusoma.

Ijumaa ilikuwa siku ya gazeti. Vijana wa leo husoma hadithi kwenye simu, sehemu ya 10 na ya 11 na ya 12 kwa usiku mmoja, hawajui tulivyopata tabu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na katika miaka ya 2000, magazeti ya burudani kama Ijumaa, Uwazi, Risasi na Amani yalibeba hadithi za mfululizo, na jina la Eric Shigongo lilijulikana hata na watu wasiojua jina la diwani wao. Gazeti lilichapwa Dar es Salaam, likapakiwa basi, likasafiri zaidi ya kilomita 800 kupita Morogoro, Iringa na Makambako, likatufikia limekwisha kukunjwa na watu wanne. Na hadithi ilikatwa papo hapo mkono uliposhika kitasa cha mlango. Siku saba za kungoja! Kurasa nyingine tulizipata kwa muuza maandazi zikiwa zimekwisha kuwa vifungashio. Nimewahi kununua maandazi matano nisiyoyataka kwa ajili ya safu mbili za hadithi zilizolowa mafuta.

Jumamosi jioni nilimsomea dada.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenilea. Mama alipoanza kuugua, yeye alitolewa shule akiwa darasa la pili ili atushike sisi wadogo, na kisomo chake kikaishia hapo: alijua kuandika jina lake na kuzitambua namba. Mwaka 1973 alikuwa msichana wa miaka 18, nami nilikuwa mtoto wa miaka 6, tarishi wake. Ujenzi wa reli, ulioanza mwaka 1970, ulikuwa umefika kwetu, na vijana wengi wa milimani waliandikwa kazi. Mmoja wao, kijana wa Umalila, alikuwa na desturi ya kupita jioni karibu na kisima. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia, "Dada anateka maji," maneno ambayo yeye aliyasikia vingine kabisa.

Reli ilipovuka mpaka kuingia Zambia, kijana yule aliifuata. Aliahidi kurudi baada ya mavuno. Dada alingoja. Ujenzi ukakamilika mwaka 1975, reli ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976, treni za abiria zikawa zinakwenda na kurudi, naye akangoja. Mwaka 1979 alikubali kuolewa na mtu mwema, akamzalia watoto wanne, akaja kumzika kwa heshima. Jina la yule kijana sikulisikia tena kinywani mwake, wala mimi sikulitaja. Kwetu jambo kama hilo haliulizwi.

Sasa turudi kwenye Jumamosi. Mwaka 2004 gazeti moja lilianza hadithi, nami sitalitaja gazeti wala hadithi, juu ya msichana aliyemngoja mwanamume aliyekwenda migodini. Dada, ambaye kwa kawaida alikuwa akiwatukana wahusika na kuwapa ushauri kama majirani, safari hii alikaa kimya. Alikuwa akimenya viazi. Nilipofika penye ahadi ya kurudi, kisu kilisimama, nilipopapita, kikaendelea.

Sehemu ya saba ilinifikia Ijumaa, nikaisoma kwanza peke yangu kama ilivyokuwa desturi. Mwanamume alirudi. Alirudi na mke na watoto wawili, akampita yule msichana barabarani asimkumbuke. Mwandishi alikuwa na haki yake. Mambo hayo hutokea. Lakini ningelitamkaje neno lile, "asimkumbuke", mbele ya dada yangu na viazi vyake?

Sikulitamka. Jumamosi nililikunjua gazeti, nikaweka macho juu yake, nikasema yasiyokuwamo. Nikasema mwanamume yuko njiani, amezuiliwa na ugonjwa, ameandika barua ikapotea. Juma lililofuata nikafanya vivyo hivyo, ila mara hii nilijiandaa: Alhamisi usiku niliandika katika daftari, nikakariri, nikayapa maneno yangu sauti ya gazeti. Kwa Jumamosi tano nilimsomea dada yangu hadithi ambayo haikuchapwa popote. Hivyo ndivyo nilivyoanza kuandika, msomaji. Wengine huanza kwa kipaji. Mimi nilianza kwa uongo.

Jumamosi ya sita nilikuwa nimekwisha kumfikisha mwanamume kituoni, mzigo mkononi, macho yakimtafuta msichana katika umati, dada akaweka kisu chini.

"Mdogo wangu," akasema, "gazeti umelishika juu chini."

Nikatazama. Ni kweli. Picha ya mwanamuziki mmoja ilikuwa imesimama kwa kichwa.

Uso uliniwaka. Nilitaka kuomba radhi, naye akaniwahi. "Nimejua tangu juma la kwanza. Ukisoma ya gazeti, hukwama kwenye maneno magumu. Haya ya siku hizi hukwami." Akachukua kiazi kingine. "Endelea. Lakini huyo usimrudishe."

"Kwa nini, dada? Amengojwa sana."

"Akirudi, watu watasema alingojwa kwa sababu alikuwa wa kurudi. Mwache huko huko. Wewe useme tu kwamba yule msichana alingoja. Useme alikuwa akiamka saa ngapi, na siku ya treni alivaa nini. Hayo hakuna aliyewahi kuyauliza."

Basi nikayauliza. Ilikuwa imepita miaka 31. Dada akanieleza kanga aliyokuwa akiivaa siku hiyo moja ya juma, yenye rangi ya manjano, na jinsi alivyokuwa akiifua usiku ili shemeji zake wasione kwamba ni ile ile. Akanieleza alivyojitwika karanga za kuuza kituoni ili asionekane anangoja, na alivyokuwa akizirudisha nyumbani hazijapungua. Akanieleza alivyojifunza kutofautisha honi ya treni ya mizigo na ya abiria akiwa bado kitandani. Akanieleza pia juu ya siku aliyoacha kwenda. Nilidhani itakuwa siku ya kilio. Haikuwa. Mvua ilitaka kunyesha, alikuwa na mahindi ya kuanua, na alipomaliza alikumbuka kwamba treni ilikuwa imekwisha kupita. Niliandika mpaka taa ikaishiwa mafuta.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiitazama kwa jicho jingine methali tuliyofundishwa sote, kwamba subira yavuta heri. Ni methali njema, lakini ina masharti kama ya mfanyabiashara: subira husifiwa pale ilipovuta. Na subira ambayo haikuvuta kitu je? Methali huipita. Mahubiri huiahidi malipo ya kesho. Majirani huiita ujinga. Hadithi ya mapenzi, hata ile duni ya karatasi ya maandazi, humchukua mtu aliyengoja bure, ikamweka katikati ya ukurasa, ikatuambia tumtazame. Tena ile ya mfululizo hutulazimisha tungoje pamoja naye. Siku saba zetu ni sadaka ndogo mbele ya miaka yake. Nadhani hicho ndicho tunachokitafuta humo. Arusi ikija, tunapiga vigelegele. Isipokuja, hatukudai turudishiwe pesa za gazeti.

Ninyi watu wa mwambao hamhitaji kufundishwa haya na fundi cherehani wa milimani. Tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwenye sahani za santuri, na kabla yake, mmekuwa na mahali pa kupelekea machungu ya namna hiyo: mtu huinuka ukumbini, akamtunza mwimbaji, akarudi kuketi, na wanaomjua wakajua. Sisi ukumbi huo hatukuwa nao. Tulikuwa na gazeti lililochelewa, kibatari na sauti ya mdogo wake mtu.

Kuhusu mashairi, nilikuwa na hofu nayo zaidi, kwa kuona kwamba bahari zake ni zenu. Aliyenitoa hofu ni marehemu Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 mbali kabisa na maji ya chumvi, ambaye mpaka anafariki mwaka 1969 alikuwa amehesabiwa miongoni mwa malenga wakubwa wa lugha hii na amekiongoza chama cha washairi, UKUTA. Nikajiambia: ikiwa Ugogo ulitoa malenga, Mbalizi haitakosa hata mwanafunzi. Nikaufunga usiku ule katika beti, kwa sauti ya dada mwenyewe. Nanukuu mbili:

Nilikaa barazani, siku nyingi nikingoja,
Reli yapita bondeni, na abiria wakaja,
Wangu hayumo garini, wala salamu ya haja,
Kungoja nako ni kazi, ilipwe kwa kuandikwa.

Miaka ilinighuri, mingine ikafuata,
Sikupokea habari, wala sikuitafuta,
Moyo ukawa hodari, nyumba yangu nikapata,
Kungoja nako ni kazi, ilipwe kwa kuandikwa.

Nilimsomea Jumamosi iliyofuata, safari hii daftari nikiwa nimelishika sawasawa. Akaniambia nirudie mstari wa reli. Nikaurudia. Hakusema kitu kingine. Aliniuliza kama nitakula huko huko au nitawahi giza.

Dada yangu alifariki mwaka 2011. Daftari lilibaki kwangu, na kwa miaka mingi nilikaa nalo kwa woga. Marehemu shemeji yangu alikuwa mtu mwema. Sikutaka watoto wake wadhani kwamba mama yao aliishi nyumbani mwake akiwa ameuacha moyo kituoni. Haikuwa hivyo, na ubeti wa pili wasema haikuwa hivyo, lakini nani husoma ubeti wa pili akiwa na hasira? Niliwahi kulipeleka daftari hadi jikoni. Nikalirudisha sandukuni.

Mwaka jana binti yake mkubwa alikuja kunisaidia kupanga vitambaa, akaliona. Sikumnyang'anya. Nilikaa nje nikashona upindo wa kanga ambao haukuwa na haraka. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, nami nikajitayarisha kwa maneno makali ambayo ningestahili.

"Mama mdogo," akasema, "hiyo kanga ya manjano, ilikuwa na maneno gani?"

Sikuwa nimeuliza. Usiku mzima ule wa mwaka 2004 niliuliza rangi, nikaacha maneno, mimi ambaye naishi kwa kudarizi maneno ya watu. Sasa hayupo wa kuniambia. Tumekaa mimi na binti yake Jumamosi kadhaa tukiyatafuta: sisomi gazeti siku hizi, namsomea daftari, naye humenya viazi kama mama yake, ganda jembamba lisilokatika. Kila mmoja hutoa maneno ambayo kanga ile ingeweza kuyabeba, na mwenzake huyapima. Mpaka sasa hatujakubaliana.

Ni kwa ruhusa yake nimeyaleta haya kwenu. Ikiwa mizani zangu zimepungua au vina vimelegea, wajuzi wa visiwani mnisahihishe bila kunionea haya. Na ikiwa yupo miongoni mwenu mzee mwenye kumbukumbu ya kanga za manjano zilizouzwa bara mwanzoni mwa miaka ya 1970, atutajie majina yake. Tutangoja.